Koti la Ngozi ya Kondoo Lenye Manyoya: Je, Yasihi Kuswalia?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mtu aliyeifahamu Kitangari kwa msimu wa korosho tu, kwenye jua la Oktoba na Novemba, hawezi kudhani kwamba huku kwetu watu huvaa makoti ya nchi za theluji. Lakini na aje mwezi wa Juni au Julai. Uwanda wa Makonde umeinuka juu ya bonde la Mto Ruvuma, na wakati wa kipupwe upepo wa alfajiri hupanda pamoja na ukungu. Kijana wa bodaboda anayetoka Kitangari kumpeleka abiria Newala mjini, au kuteremka naye hadi Masasi kabla jua halijachomoza, anahitaji kitu kizito kifuani. Kitu hicho hukipata kwenye mitumba. Na miongoni mwa makoti ya mitumba yamo yale ambayo nje ni ngozi laini kama kitambaa cha mahameli, na ndani yamejaa manyoya mazito, meupe au ya rangi ya maziwa. Wauzaji huyaita "koti la manyoya" basi, bila kupambanua.

Kijana huyu akipita msikitini kuswali alfajiri na koti lake, hapo ndipo maneno huanza. Mwanafunzi aliyehifadhi Matn Abi Shujaa anakumbuka vizuri mlango wa twahara: ngozi za mizoga hutwaharika kwa kudibaghiwa isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na mfupa na nywele za mzoga ni najsi. Anamwambia mwenzake mbele ya watu: swala yako haikusihi, vua urudie, na za nyuma pia uzilipe. Maneno yenyewe yana asili katika kitabu. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana huyo, asiye na nguo nyingine ya baridi, anaanza kuipita misikiti yote njiani. Swali la namna hii limeulizwa si mara moja. Na kwa kuwa linagusa swala za watu, halifai kujibiwa kwa sentensi moja ya matni bila kutazama sherehe zake.

NI KITU GANI KOTI HILI?

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu. Ngozi inayozungumziwa ni ya kondoo wa sufu aliyekatwa manyoya muda mfupi kabla ya kuchinjwa, ili sufu iliyobaki iwe fupi na ya urefu mmoja. Ngozi hiyo hudibaghiwa pamoja na sufu yake ikiwa bado imeota juu yake. Haitiwi chokaa kama ngozi za viatu, maana chokaa hung'oa nywele. Huoshwa mafuta, hulowekwa katika chumvi na asidi, kisha hutiwa dawa ya kudibaghi, kwa kawaida chumvi za kromiamu, ambazo zimeenea viwandani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Upande wa nyama husuguliwa mpaka uwe laini, na huo ndio huwa nje ya koti. Sufu hukaa ndani, na hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake zilizojipinda ndiyo inayozuia baridi. Tena sufu huweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji, ndiyo maana mtu akitoka jasho ndani yake hapati baridi upesi.

Kondoo wetu hawafai kwa kazi hii. Kondoo wengi wa Tanzania, yaani wa Kimasai na wale wenye kichwa cheusi, wana malaika mafupi kama ya mbuzi, si sufu. Kondoo wa sufu katika ukanda wetu hufugwa zaidi nyanda za juu za Kenya, upande wa Molo na Nakuru, ambako waliletwa Merino na Corriedale wakati wa ukoloni. Kwa hiyo koti linalouzwa Kitangari limetoka mbali. Ngozi huenda ni ya Australia, ikadibaghiwa Uturuki, ikashonwa Italia, ikavaliwa Ulaya miaka kumi, ndipo ikafungwa katika robota la mtumba. Lebo ya shingoni hukuambia liliposhonwa tu. Haikuambii nani alichinja.

Kabla ya yote lakini, muulizaji ahakikishe kwamba analo koti la ngozi kweli. Mengi ya yale yaitwayo makoti ya manyoya ni poliesta tupu, na juu ya poliesta hakuna mjadala wowote, liwe zito namna gani. Yatenganishe manyoya kwa vidole uangalie shina lake: ya ngozi yanaota kutoka kwenye ngozi yenyewe, ya kiwandani yameshonwa juu ya kitambaa chenye nyuzi za kusokota. Au chomoa unyoya mmoja uuguse kwa moto mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele iliyoungua na kuwa majivu, ilhali poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Mara nyingi jambo zima la koti la baraza fulani humalizikia hapa, na watu waliokwisha kununiana wanapeana mikono.

Angalia pia bitana na mifuko. Ngozi ya nguruwe hutumika sana katika bitana za viatu na makoti, na hiyo haitwahariki kwa kudibaghiwa katika madhehebu yetu, hata ikipita katika dawa gani. Alama yake ni vitundu vya nywele vilivyokaa vitatu vitatu kwa pamoja. Ukiviona hivyo katika bitana, koti lisiingie katika swala mpaka kipande hicho kiondolewe, na mahali kilipogusana na unyevu paoshwe kama ijulikanavyo katika mlango wa najsi nzito.

MCHINJAJI ASIYEJULIKANA

Kama koti limetokana na mnyama aliyechinjwa kisheria, basi mas'ala yamekwisha: ngozi ni twahara na sufu ni twahara, idibaghiwe isidibaghiwe. Ndiyo hukumu ya ngozi ya kondoo wa Idi ambayo wazee wetu huikausha wakaifanya mswala. Vivyo hivyo sweta na blanketi za sufu, kwa kuwa sufu ya mnyama anayeliwa ikikatwa naye yu hai ni twahara kwa makubaliano ya maulamaa. Sura An-Nahl, aya ya 5 na ya 80, inaitaja neema hii: ya kwanza joto tunalolipata kwa wanyama hawa, ya pili ngozi zao, sufu, manyoya na nywele zao kuwa ni pambo na matumizi kwa muda. Na katika Sahihi Bukhari, kwa Mughira bin Shu'ba (r.a.), Mtume (s.a.w.) katika safari alivaa juba la Sham lenye mikono myembamba, hata akashindwa kukunja mikono yake kwa ajili ya udhu, akaitoa chini ya juba. Katika mapokezi mengine limetajwa kuwa ni la sufu. Sham wakati ule ilikuwa mikononi mwa Warumi, na hakuuliza nani aliyelifuma. Kwa hiyo lile jambo la nguo kuwa ni ya mitumba tu, imevaliwa na asiye Mwislamu, haliifanyi najsi. Asili yake ni twahara, na kuifua kabla ya kuivaa ni bora.

Ugumu uko kwa mnyama asiyejulikana kachinjwaje. Nyuzilandi na Australia wamekuwa wakichinja idadi kubwa ya kondoo kwa utaratibu wa halali kwa sababu ya masoko ya nchi za Kiislamu, na chakula cha Ahlul Kitab kimehalalishwa kwa masharti yake. Hata hivyo ngozi nyingine hutoka kwa wanyama waliokufa au waliouawa kwa namna isiyotambuliwa, na mnunuzi wa Newala hana njia ya kubainisha. Badala ya kubishana juu ya dhana, tuchukue hali ngumu kuliko zote: tuseme kondoo huyu ni mzoga. Je, swala katika koti hili yasihi?

NGOZI PEKE YAKE

Kuhusu ngozi, dalili za madhehebu ya Imam Shafi (aliyefariki mwaka 204 H/820 M) zi wazi. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kisa cha kondoo aliyepewa sadaka mtumwa aliyeachwa huru na Bi Maimuna (r.a.), akafa. Mtume (s.a.w.) akawauliza kwa nini hawakuichukua ngozi wakaidibaghi na kunufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akawajibu kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Imo pia katika Muslim hadithi ya kwamba ngozi ikidibaghiwa imekwisha kutwaharika.

Waliopinga wametegemea barua ya Mtume (s.a.w.) kwa watu wa Juhaina, aliyoipokea Abdullahi bin Ukaim, inayokataza kunufaika na ngozi na mishipa ya mzoga. Tirmidhi ameeleza kwamba Imam Ahmad aliifuata, kisha akaiacha kwa mgongano ulioko katika isnadi yake. Na watu wa lugha wamesema neno *ihab* lililomo humo ni la ngozi kabla ya kudibaghiwa. Ikishadibaghiwa huitwa kwa jina jingine. Hivyo hakuna mgongano.

Sharti la kudibaghi kwetu sisi ni kitu kikali kinachoondoa unyevu na masalia ya nyama, hata ngozi ikirudishwa majini isioze wala isinuke tena. Jua na chumvi peke yake havitoshi, ingawa Mahanafi wameviridhia. Hapo zamani walitumia *qaradh*, maganda ya mti wa jamii ya mgunga. Huko Njombe dawa hutolewa katika magome ya miwati, na pwani yetu magome ya mikoko ya Rufiji yaliwahi kusafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo. Ameuliza mmoja: kromiamu hazikuwako zama za Mtume (s.a.w.), je, zatosheleza? Jawabu ni kwamba sharti ni sifa, si jina la mti, na ngozi ya kromiamu hustahimili maji, hata ya moto, kuliko ngozi yoyote ya magome. Kilichobaki ni kuiosha baada ya dawa, kwa kuwa Imam Nawawi katika Minhaj ameifanya ngozi iliyodibaghiwa kuwa mfano wa nguo iliyoingia najsi. Kiwandani husuuzwa kwa maji tena na tena, na mwenye shaka aisuuze mwenyewe.

SUFU ILIYO JUU YAKE

Sasa tumefika penye fundo. Kauli yenye kutegemewa katika madhehebu yetu ni kwamba nywele za mzoga hazitwahariki kwa kudibaghiwa, kwa sababu dawa haizifanyi kitu: hazikuwa na unyevu wa kuondolewa. Husamehewa chache tu zinazobakia juu ya ngozi. Na koti letu halina chache, limejaa. Kwa kauli hii yule mwanafunzi amesema sawasawa.

Baadhi ya watu hukimbilia kusema: "Maimamu wengine wamesema sufu ni twahara, basi tumalize." Ni kweli wamesema. Abu Hanifa, Malik na Ahmad wote wanaiona sufu ya mzoga kuwa twahara, kwa hoja kwamba haina hisia wala uhai wa kuondoka kwa mauti. Lakini tazama, ndugu msomaji, kinachotokea. Katika kauli mashuhuri ya Malik na ya Ahmad, ngozi ya mzoga haitwahariki kwa kudibaghiwa. Wamaliki huruhusu itumike kwa vitu vikavu na maji, si kuswalia. Yaani wao sufu ni twahara na ngozi ni najsi, nasi kwa kauli yetu ya kutegemewa ngozi ni twahara na sufu ni najsi. Mtu akichukua ngozi kwa Shafi na sufu kwa Malik amepata koti ambalo kila mmoja wa maimamu hao wawili angemwambia alivue! Hii ndiyo talfiki waliyoikataza maulamaa wengi, na wanafunzi wengi hutumbukia humo wakidhani wanarahisisha dini.

Wanaoiona ngozi na sufu kwa pamoja kuwa twahara, bila viraka, ni Mahanafi. Na wako wengine, na hawa hawako mbali. Wamo ndani ya madhehebu yetu wenyewe.

Rabi'i al-Jizi, mmoja wa wanafunzi wa Imam Shafi huko Misri, amepokea kutoka kwake kwamba nywele hufuata ngozi: ikitwaharika nazo zimetwaharika. Imam Nawawi (aliyefariki 676 H/1277 M) katika al-Majmuu ameipa nguvu kauli ya kwanza, lakini kwa uaminifu wake ametaja kwamba Abu Ishaq al-Isfarayini na ar-Ruyani waliichagua hii ya pili. Hoja ya ar-Ruyani ni kwamba Masahaba, katika zama za Umar (r.a.), waligawana makoti ya manyoya yaliyopatikana katika ngawira za Wafursi, na machinjo ya Majusi ni mizoga. Kisha Taqiyyuddin as-Subki (aliyefariki 756 H/1355 M) akaichagua kauli hii na kuifutu, na dalili yake ni hadithi ambayo naomba kila imamu arejee kuisoma katika Sahihi Muslim, Kitabu cha Hedhi, mlango wa kutwaharika ngozi za mizoga kwa kudibaghiwa.

Humo Abul Khair, aliyekuwa mufti wa Misri, anasimulia kwamba alimwona Ibn Wa'la as-Saba'i amevaa *farwu*, akaigusa. Ibn Wa'la akamuuliza mbona anaigusa, kisha akamweleza kwamba yeye alikwisha kumuuliza Ibn Abbas: sisi tuko Maghrib, pamoja nasi kuna Mabarbari na Majusi, huletwa kondoo waliomchinja nasi hatuli machinjo yao, na hutuletea viriba walivyotia mafuta. Ibn Abbas akamjibu kwamba wao walimuuliza Mtume (s.a.w.) jambo hilo, naye akasema kudibaghiwa kwake ndiko kutwaharika kwake.

Tuzingatie neno *farwu*. Katika lugha ya Kiarabu si ngozi tupu. Ngozi tupu iliyodibaghiwa ni *jildi* au *adim*. *Farwu* au *farwa* ni ngozi yenye manyoya yake, na mpaka leo ndugu zetu walioko Ghuba huliita kwa jina hilo hilo vazi la kipupwe lenye sufu ya kondoo ndani. Kwa maneno mengine, vazi alilovaa Ibn Wa'la ndilo koti la kijana wetu, na hali iliyoulizwa ndiyo hali yetu: mnyama aliyechinjwa na asiyekubalika machinjo yake, vazi likafika mikononi mwa Mwislamu wa nchi nyingine. Abul Khair hakumwamuru alivue. Aliridhika na jawabu.

Wenye kauli ya kwanza wana majibu yao, na si haki kuyaficha. Wamesema mapokezi mengine ya hadithi hii hapo hapo kwa Muslim yanataja viriba vya maji na mafuta tu, na kwamba dhamiri katika jawabu hurejea kwenye ngozi. Ni jibu la mwanachuoni. Lakini mimi naona nguvu iko kwa as-Subki, kwa sababu Ibn Wa'la alijibu kwa hadithi hii akiwa na vazi mwilini, na kuguswa kwa vazi hilo ndiko kulikozua maneno. Kama hadithi ingekuwa ya ngozi bila manyoya, asingelikuwa amejibu lililoulizwa.

Dalili nyingine zinazotajwa ni dhaifu zaidi. Abu Daud amepokea kwa Mughira kwamba Mtume (s.a.w.) akiswali juu ya mkeka na farwa iliyodibaghiwa, lakini isnadi yake ina udhaifu, tena hatujaambiwa mnyama alikuwa mzoga. Na ile ya Salman (r.a.) kwa Tirmidhi, alipotaja samli, jibini na *firaa*, Tirmidhi ameiweka katika mlango wa kuvaa manyoya, bali wengine wamesema *firaa* humo ni punda-mwitu. Hatuna haja ya kujenga juu yake.

IMAMU ASEME NINI?

Anayeulizwa na mtu wa kawaida aliyekwisha kuswali na koti hili asimwamrishe kulipa. Mtu wa kawaida hana madhehebu aliyoyadurusu. Amali yake ikiafikiana na kauli ya mwanachuoni anayetegemewa imesihi, na hii imeafikiana na kauli ya Mahanafi na ya kundi la Mashafii wakubwa. Kumrundikia swala za miaka kwa mas'ala yenye khitilafu ya namna hii ni kumfukuza.

Mwanafunzi anayeifuata kauli ya kutegemewa ana haki ya kulivua koti lake mwenyewe, na ni vyema, kwa kuwa kutoka katika khitilafu kunapendeza. Akilivua asiliweke begani wala mbele yake linapogusana na nguo au mswala wake wakati wa kusujudu, maana kwa kauli yake amebeba au amegusana na najsi. Alitundike kando. Asiligeuze jambo hilo kuwa kemeo kwa aliye pembeni yake.

Imamu mwenyewe, hata akiwa anaifuata kauli ya as-Subki kama mimi, asisimame katika mihrabu na koti hili. Katika madhehebu yetu kinachozingatiwa katika kufuata ni itikadi ya maamuma. Yuko nyuma yake anayeamini kwamba sufu ile ni najsi, na huyo hawezi kumfuata. Baridi ya rakaa mbili za alfajiri ataistahimili kwa kanzu na fulana ya ndani, au atavaa sweta ya sufu, ambayo haina khitilafu. Na anayeogopa baridi kwa maradhi amtangulize mwingine.

Wallahu aalam.